Mama amefumba mdomo: tumwekee mpira wa kulishia?

Swali: Shikamoo. Mama yetu ana miaka 86, tupo Ngamiani, Tanga. Ugonjwa wa kusahau umemlaza mwaka wa pili sasa, hata sisi wanawe hatutambui. Wiki hii uji anautema. Kaka anataka awekewe mpira wa puani, mama mdogo anasema aachwe apumzike. Tusipomwekea, tutakuwa tumemuua kwa njaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana, hamtakuwa mmemuua.

Ila kabla ya mpira, mulikeni kinywa chake kwa tochi. Utando mweupe wa fangasi huunguza, na mzee asiyeweza kusema hujitetea kwa kufumba mdomo. Ulizeni pia alipata choo lini, na kama mkojo unamuuma. Hayo yana dawa, na nimeona wazee wakirudi kwenye uji wao baada ya siku chache.

Kama si hayo, basi ni ugonjwa wenyewe umefika mwisho. Hapo mpira haurefushi maisha. Wala hauzuii kupaliwa, maana mate na chakula kinachopanda kutoka tumboni huingia mapafuni vilevile. Wagonjwa wengi huuchomoa, kisha hufungwa mikono. Nilimfungua bibi mmoja aliyefungwa kwa kanga kwenye chuma cha kitanda. Pindo lilikuwa limechora kifundo chake. Sijaisahau ile alama. (Angekuwa na kiharusi cha juzi, ningewaambia mwekeeni, kwa kuwa uwezo wa kumeza huweza kurudi.)

Mwili unaofunga kazi hauisikii njaa kama sisi. Kinachomtesa zaidi ni ukavu wa mdomo. Akiwa macho, mkalisheni wima, nusu kijiko, mngojeni ameze. Akigeuza uso, acheni. Lowesheni midomo kwa kitambaa safi mara kwa mara.

Akikunja uso mnapomgeuza, ana maumivu. Ulizeni hospitali ya Bombo, au ya Teule kule Muheza, kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Kwa kipimo cha daktari inatuliza, haiui. Kumharakishia mtu kifo ni kosa la jinai, nami nisingekushauri kamwe.

Kaka yako msimgombeze. Anaogopa kuonekana hakufanya kitu. Kile kijiko mpeni yeye.