Ukialikwa na Wayahudi, Usifike na Maua Kama Mimi

Juzi dada mmoja wa Dallas ameniandikia. Anamlea ajuza wa Kiyahudi, na sasa familia imemwalika kwenye bar mitzva, sherehe ya kuingia utu uzima, ya mjukuu anayetimiza miaka 13. "Nivae nini, nibebe nini?" Dada, umemuuliza aliyeungua.

Mimi nilimlea Bibi mmoja wa Kiyahudi miaka sita kule Pikesville, Baltimore, hadi bintiye alipomhamishia kwake Skokie, karibu na Chicago. Novemba iliyopita nikaalikwa shughuli mbili wikendi moja: Jumamosi bar mitzva Skokie, Jumapili harusi Teaneck, New Jersey. Nilijivuna, sifichi. Walezi wangapi huletewa kadi yenye jina lao?

Sinagogi yao ni ya Kiorthodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria za dini kwa ukali, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Nilivaa gauni refu la mikono, hapo sikukosea. Nilikosea hoteli. Siku ya Sabato hawapandi gari, nami nilikuwa nimechukua chumba cha bei nafuu kilomita tano kutoka hapo, basi nikashuka kwenye teksi mbele ya mlango huku wenzangu wote wanakuja kwa miguu. Mkononi nina bahasha ya hundi, na siku hiyo pesa haziguswi. Simu nayo ikalia kijana akisoma Torati! Hakuna aliyenikemea. Alipomaliza walimrushia peremende, moja ikaniangukia mapajani, nikajishughulisha na karatasi yake ili nisimtazame mtu.

Sabato huisha nyota zikitoka, kwa hiyo niliruka usiku. Harusini maharusi waliinuliwa juu kwa viti, watu wakacheza mpaka jasho. Nimesimama kando ya meza, mama mmoja mwenye shanga za lulu akanikabidhi sahani yake chafu, mifupa ya kuku na karatasi ya kupangusia mdomo juu yake, akaendelea na mazungumzo yake. Nikaipeleka jikoni. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliipeleka.

Alhamisi Bibi akafariki. Mimi ni mtu wa Machakos, na kichwani nikapanga kama nyumbani: mochari, kamati, michango, mazishi wiki ijayo. Nikakata tiketi ya Jumapili. Ijumaa asubuhi, Sabato haijaingia, walikuwa wameshamzika. Rafiki yangu wa Mombasa akashangaa: "Si kama sisi Waislamu tu? Sanda, kaburi, basi." Angeniambia mapema.

Nikafika kwenye shiva, siku saba za matanga yao, na maua pamoja na chapati. Maua hawapelekeani msibani, na chapati za jikoni kwangu si kosher, yaani hazikupikwa kwa sheria zao za chakula. Walivipokea kwa adabu. Baadaye nikayaona maua yamelazwa kwenye sinki, na chapati pembeni, hazijafunguliwa. Vioo vimefunikwa. Binti ameketi kwenye kiti kifupi, nguo yake imechanwa upande wa moyo. Mgeni haanzi kuongea, hungoja mfiwa. Nikangoja.

Akasema, "Alikuulizia Jumatano."

Ndugu zangu walezi, nisikilizeni. Harusi tunaipenda kwa sababu ya picha. Kama nauli haitoshi kwenda kote, acheni harusi. Ukisikia msiba, piga simu saa hiyo hiyo, uliza mazishi ni saa ngapi, panda ndege ya kwanza. Tunalea wazazi wa watu, tunawaosha, tunawalisha, halafu siku yao tunatafuta tiketi ya bei rahisi! Mimi niliokoa dola 140. Nimeshasahau nilizinunulia nini.

Dada wa Dallas, hundi yako iwe ya dola 36 au 54, chochote kinachogawanyika kwa 18, maana kila herufi ya Kiebrania ina namba yake, na za neno lao la uhai zikijumlishwa hutoa 18. Itume mapema kwa posta. Uliza kama hiyo sinagogi ni ya Kiorthodoksi. Kama ndiyo, lala mahali pa kutembea kwa miguu na uzime simu Ijumaa jioni. Na ukikabidhiwa sahani chafu, niandikie uniambie ulifanya nini.