Maswali na Majibu: Sumaku, Kutu na Stenlesi

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua sinki na seti ya visu, vyote vikiuzwa kwa jina la stenlesi. Sasa visu vimeota vidoadoa vya kutu, na nilipovijaribu kwa sumaku vilinasa, ilhali sinki halikunasa. Je, nimeuziwa visu bandia?

JIBU: Ndugu msomaji, dalili hizo peke yake hazitoshi kuthibitisha hivyo. Stenlesi si metali ya aina moja, bali ni jamii kubwa ya aloi (michanganyiko) za chuma zinazounganishwa na sifa moja, nayo ni kuwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hiyo ikikutana na oksijeni hufanya utando wa oksidi usioonekana kwa macho, unaokikinga chuma kilicho chini yake. Na utando huo ukikwaruzwa hujiunda upya, mradi hewa ifike pale ulipochubuka.

Huenda sinki lako ni la daraja la 304 (namba hizi hutambulisha aina za stenlesi), lenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Nikeli ndiyo inayobadili mpangilio wa atomi hata sumaku isinase, na ndiyo inayoliwezesha bati kubonyezwa kwa kina bila kupasuka. Kisu, kwa upande wake, hakina budi kuwa kigumu ili makali yadumu, na ugumu huo hupatikana kwa kuongeza kaboni, kukipasha chuma moto mkali na kukipoza haraka. Chuma cha namna hiyo hunaswa na sumaku, na kwa kuwa sehemu ya kromiamu yake hushikwa na kaboni, kinga yake ni dhaifu zaidi.

Hivyo sumaku hukuonyesha ukoo wa chuma tu. Daraja la 430, lisilo na nikeli, hunasa na bado ni stenlesi halali. Kinyume chake, madaraja ya kundi la 200, ambayo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi ili kupunguza gharama, kwa kawaida hayanasi, ingawa mengi yao hushindwa na kutu mapema kuliko 304. Mnunuzi anayetegemea sumaku peke yake ndiye rahisi kudanganywa.

Visu vyako vioshe na kuvikausha mara baada ya kuvitumia. Usiviloweke katika maji ya chumvi au dawa ya klorini, wala usivisugue kwa nyuzi za chuma cha kawaida, kwani chembe zake hubaki juu ya kisu na kushika kutu zenyewe.

SWALI: Nyumba yangu iko karibu na bahari, na fundi anataka reli za ngazi ziwe za 316 badala ya 304. Je, tofauti ipo kweli?

JIBU: Ipo, na fundi wako anajua kazi yake. Daraja la 316 lina asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu, ambayo huusaidia utando kustahimili kloridi za chumvi zinazotoboa vishimo. Kwa kuwa reli zitachomelewa, agiza 316L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03, kwani kaboni ikiwa nyingi, joto la kuchomelea huifanya ijifunge na kromiamu kando ya mshono, na kutu huanzia hapo. Hakikisha pia kwamba diski ya grainda itakayotumika haijawahi kugusa chuma cha kawaida.