Unataka kuwa kocha wa futiboli chuoni Marekani? Chagua mji kabla ya cheo

Vijana wetu wa huku Marekani wanaoniandikia kwamba wanataka kuwa makocha wa futiboli ya chuo huwa wameshaona mshahara wa mtu fulani kwenye simu. Kocha Nick Saban alistaafu Januari 2024 akiwa na mataji saba ya taifa, moja na chuo kikuu cha LSU na sita na chuo kikuu cha Alabama, na kwa miaka mingi alilipwa mamilioni ya dola kila msimu. Kijana akisoma hapo anapiga hesabu: nikianza mwaka huu, nitafika lini? Jibu langu ni lile lile, na haliwafurahishi. Acha kuuliza utafika lini. Uliza utaishi wapi, na nani, na huyo utakayeishi naye atafanya kazi gani hapo.

Kwa mliopo nyumbani: naongelea ile futiboli ya helmeti na mabega ya plastiki, mpira wenye umbo la yai. Kandanda ni jambo jingine. Vyuo vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, vyenye timu ya mchezo huu ni zaidi ya 600. Vile mnavyoviona kwenye televisheni, tabaka la juu la Divisheni ya Kwanza, ni 130 na ushee tu. Vilivyobaki vinashuka hadi Divisheni ya Tatu, ambako ni marufuku kumpa mtu ufadhili kwa ajili ya mchezo. Kijana anakuja kusoma kama wenzake, na alasiri anavaa helmeti. Makocha wengi wako huko chini, na mimi ndiko nilikolelewa: nilicheza mstari wa mbele katika chuo kidogo cha Minnesota, nikaenda kusini kuanza ukocha, nikazungukazunguka, nikarudi. Mama yangu alikuwa amezoea kumtangazia kila mtu Mombasa kwamba mwanawe yuko chuo kikuu. Nilipomaliza masomo na bado nikawa chuoni, na filimbi shingoni, alikosa la kuwaambia majirani.

Mlango wa wengi ni usaidizi wa ukocha huku unasoma shahada ya pili. Chuo kinakulipia ada na kukupa posho ambayo ukitoa kodi ya chumba inabaki ya mchele na maharage. Kazi yenyewe: kukata video za mpinzani, kuchora kadi za mbinu zake ili wachezaji wa akiba waziigize mazoezini, kwenda uwanja wa ndege usiku kumpokea mtoto wa sekondari aliyekuja kutazama chuo, kupita madarasani kuhakikisha fulani hajalala. Wiki inaanza Jumapili, siku moja baada ya mechi, mnapokaa gizani kumpa kila mchezaji alama kwa kila hatua aliyopiga. Ijumaa mko njiani au mnajiandaa na safari. Kwa hiyo kuanzia Septemba hadi Novemba, Mwislamu na Mkristo wote kuna ibada watakayoikosa. Semeni na Mola wenu mapema.

Hapo naomba usidharau zile kadi. Wengi huziona kama adhabu ya mgeni, wanazichora huku wanasikiliza muziki. Ukichora mbinu za timu kumi kwa msimu, kila moja kwa mkono, ukajiuliza kila mara kwa nini yule wa pembeni amesimama hatua mbili nyuma, utakuwa umesoma mchezo kuliko aliyekaa na kocha mkuu akinywa kahawa. Nakala zako zitunze. Na usikubali kujifunza upande mmoja tu. Kama umeajiriwa kwa ulinzi, omba kukaa kwenye vikao vya ushambuliaji hata kama hakuna atakayekulipa.

Baada ya hapo ndipo ngazi inapoanza, na ndipo watu wanapopotelea. Utaambiwa: kaa mwaka mmoja au miwili, hamia chuo kikubwa kidogo, hamia tena. Mikataba ya wasaidizi katika vyuo vidogo mara nyingi ni ya mwaka mmoja, na roho yako imefungwa kwa roho ya kocha mkuu. Akifukuzwa, mmefukuzwa. Nimewahi kuwa mahali ambapo kocha mkuu aliitwa ofisini siku iliyofuata mechi ya mwisho, na kufikia jioni sisi wasaidizi tulikuwa tunarudisha funguo. Wakati huohuo huko juu, chuo cha Texas A&M kilipomwachisha kazi kocha mkuu wake, Jimbo Fisher, Novemba 2023, mkataba ulimwachia zaidi ya dola milioni 75 za kutofanya kazi. Usichanganye dunia hizo mbili. Ingawa hata huko juu heshima haina uhakika: Lane Kiffin, akiwa kocha mkuu wa USC, chuo kikuu cha Los Angeles, mwaka 2013, alitolewa kazini uwanja wa ndege wa Los Angeles, alfajiri, timu iliporudi kutoka kufungwa Arizona.

Kila Januari makocha hukusanyika kwenye mkutano mkuu wa chama chao. Kuna mihadhara mizuri, nenda. Lakini soko lenyewe liko kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli. Utawaona wanaume wazima wamesimama tangu asubuhi, wengine bado wamevaa fulana za chuo kilichowatimua mwezi uliopita kwa sababu hawana nyingine nzuri, wanamvizia mtu yeyote mwenye nafasi. Nimewaona wenye watoto watatu wakikubali kuhamia jimbo lingine bila kumpigia mke simu kwanza. Mke alikuwa muuguzi, mwalimu, ana leseni ya jimbo moja, na sasa aanze upya. Talaka katika fani hii hazinishangazi tena.

Ndiyo maana nasema chagua mji. Na sisemi hivyo kwa uvivu wa kupanda. Tazama walioshinda mechi nyingi kuliko wote katika historia ya futiboli ya chuo: John Gagliardi, 489; Joe Paterno, 409; Eddie Robinson, 408. Katika fani ambayo kila mtu amefunga mizigo, hawa watatu karibu hawakuhama.

Gagliardi ndiye niliyelelewa nikimsikia, maana chuo chetu kilikuwa ligi moja na chake. Alizaliwa 1926 huko Trinidad, mji wa migodi ya makaa ya mawe jimbo la Colorado. Alipokuwa na miaka 16, akiwa mchezaji tu wa sekondari, kocha wao aliitwa vitani, na shule ikataka kuvunja timu. Akasema ataifundisha yeye. Kwa kuwa alikuwa mchezaji, alijua yale asiyoyapenda, akayafuta: mbio za kuadhibiana, kuangushana mazoezini, kunyimwa maji eti ndiyo ukakamavu. Wakashinda. Mwaka 1949 alipewa chuo cha Carroll kule Montana, na 1953 akaenda Saint John's, chuo cha watawa Wabenedikti kilichomo katikati ya misitu na maziwa ya Minnesota. Hakuondoka mpaka 2012. Miaka ya mwanzo hata timu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu aliifundisha.

Mazoezi yake hayakuwa na filimbi. Hakuna aliyeruhusiwa kumwangusha mwenzake. Hakumwacha mtu nje ya timu, ndiyo maana siku ya mechi utadhani kijiji kizima kimevaa jezi. Na alikataza kuitwa kocha; mtoto wa mwaka wa kwanza alimwita John. (Mimi nisingeweza. Mzee wa miaka themanini! Ningemwita Mzee John na anifukuze.) Mwaka 2003 timu hiyo isiyoangushana mazoezini iliifunga timu ya chuo cha Mount Union 24 kwa 6 kwenye fainali ya Divisheni ya Tatu, ikakata mfululizo wa wapinzani hao wa ushindi wa mechi 55. Nikisikia kocha kijana anajisifu kwamba kambi yake ni ya kijeshi, humuuliza amemsoma Gagliardi? Miili ya vijana si yako. Leo tunajua zaidi kuhusu vichwa vinavyogongana, na yeye aliacha kugonganisha vichwa mazoezini miaka mingi kabla ya madaktari kupiga kelele.

Robinson namtaja kwa sababu nyingine, hasa kwa wewe kijana mweusi. Mwaka 1941 alikuwa kibarua wa kinu cha chakula cha mifugo Baton Rouge, ana shahada lakini hakuna chuo cha wazungu Louisiana ambacho kingemwajiri. Akapata kazi kwenye chuo kidogo cha Weusi ambacho sasa kinaitwa Grambling State, akiwa na miaka 22. Alikata nyasi za uwanja mwenyewe, akachora mistari, akafunga bendeji za vifundo vya miguu, akaandika habari za mechi na kuzipeleka magazetini. Wakisafiri, walibeba mikate ya nyumbani kwa sababu mahoteli ya njiani hayakuwahudumia Weusi. Wakati wa vita, chuo kiliposimamisha timu, alifundisha sekondari ya pale. Baba mmoja akawatoa wanawe kwenye timu ili wavune pamba, Robinson akawapeleka wachezaji wote shambani wakaivuna. Baadaye chuoni alizoeleka kupita mabwenini asubuhi na kengele ya ng'ombe kuwaamsha vijana waende darasani. Zaidi ya 200 kati yao walifika NFL, ligi ya kulipwa, akiwemo Doug Williams, kwotabeki (yule anayeongoza ushambuliaji na kurusha mpira) wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, Januari 1988.

Fikiria: mtu huyo, na mlango wa vyuo vikubwa ukabaki umefungwa kwa wenzake kwa miongo. Kocha mkuu wa kwanza mweusi katika tabaka la juu alikuwa Willie Jeffries, Wichita State, 1979. Ligi ya SEC, yenye fedha na kelele kuliko zote kusini, ilisubiri hadi Sylvester Croom alipochukua Mississippi State kwa msimu wa 2004. Croom alikuwa amechezea Alabama, akafanya kazi Alabama, akaomba Alabama, wakampa mwingine. Leo mambo yamesogea, lakini ukihesabu wachezaji weusi uwanjani kisha ukahesabu makocha wakuu weusi, utaona pengo bila kuhitaji miwani. Sikwambii ukate tamaa. Nakwambia usiweke furaha yako mikononi mwa simu ambayo pengine haitalia.

Sasa msinielewe kwamba kukaa mahali pamoja ni dawa. Robinson mwenyewe alikaa kupita wakati. Misimu yake ya mwisho ilikuwa ya kufungwa, na hadi anastaafu 1997 watu waliokuwa wakimwita baba walikuwa wakimshinikiza aondoke. Na Paterno ni somo zito zaidi. Aliingia chuo kikuu cha Penn State kama msaidizi mwaka 1950, akawa kocha mkuu 1966, mpaka chuo na yeye vikawa kitu kimoja. Novemba 2011 msaidizi wake wa zamani, Jerry Sandusky, alikamatwa kwa kuwanajisi watoto, ikajulikana kwamba Paterno aliwahi kuelezwa jambo, akalipeleka kwa wakubwa wa chuo, akaendelea na kazi. Alifukuzwa siku chache baadaye, na akafariki Januari 2012. Ukikaa mahali hadi watu wanaogopa kukusumbua, tayari kuna hatari. Kwa hiyo ushauri wangu hapa hauna kona: ukisikia lolote kuhusu mtoto kudhuriwa, mwite polisi mwenyewe, siku hiyohiyo. Ukishawaambia wakubwa wako, bado hujamaliza wajibu.

Kuhusu fedha za wachezaji sitakaa sana. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, tangu 2025 vyuo vikubwa vinaweza kumlipa moja kwa moja, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Kocha wa huko juu sasa ni nusu mwalimu, nusu dalali. Kuna wanaoipenda kazi hiyo. Ukijijua wewe si mtu wa kujadiliana bei na mjomba wa mchezaji usiku wa manane, Divisheni ya Tatu bado ipo, mshahara ni mdogo, na mara nyingi utapewa darasa la kufundisha au ofisi ya udahili pembeni. Mimi nalipenda lile darasa. Msimu ukiharibika, wanafunzi wangu bado wananihitaji Jumatatu.

Mambo ya vitendo, haraka. Kama huna kadi ya kijani, uliza habari ya viza kwenye mazungumzo ya kwanza, usingoje barua ya kazi; vyuo vingi vidogo havijawahi kumwombea kocha kibali na havijui vianzie wapi. Uliza bima ya afya inaanza mwezi gani, maana kuna mikataba ya miezi kumi. Mwenzi wako ahudhurie safari ya kuutazama mji, na muutazame Februari, kwenye theluji, si Septemba. Tafuta msikiti au kanisa, na duka linalouza unga wa ugali. Columbus, Dallas na Minneapolis zina watu wetu tele na vyuo vingi vidogo pembeni yake, kwa hiyo huhitaji kujizika peke yako kwenye mashamba ya mahindi isipokuwa unapenda.

Na kama ndiyo kwanza unaanza, jitolee kwanza sekondari ya karibu msimu mmoja, kisha waandikie makocha wakuu wa vyuo vidogo mwishoni mwa Novemba, msimu ukiisha na kabla ya ule mkutano wa Januari. Barua iwe fupi: umecheza nafasi gani, unajua programu gani ya kukata video, unaweza kuhamia lini. Taja pia kwamba una leseni safi ya udereva. Wengi wao wanamhitaji mtu wa kuendesha basi dogo kabla ya kumhitaji mtu wa kubuni mbinu.