Barua kwa mwanangu: mzazi akikuvamia uwanjani

Walukuba, Jinja

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua mvua ikikaribia. Nimeona nikuandikie, maana jambo lako halitoshi kwenye simu, na salio lako huisha tukifika patamu.

Umenieleza kwamba ulikuwa unachezesha watoto wa chini ya miaka 13, dakika za mwisho, ukatoa penalti. Baba mmoja akaingia mpaka ndani ya uwanja, akakunyooshea kidole usoni, akasema umekula hela na kwamba mahali pako ni jikoni. Mtoto aliyecheza faulo ile ndiye mwanawe, na alisimama palepale analia. Mwandaaji wa mashindano akacheka, akakwambia mpira ndivyo ulivyo. Sasa unauliza: mzazi wa namna hiyo anajibiwa au ananyamaziwa? Na refa asimamishe mchezo wakati gani? Halafu chini kabisa ukauliza kama nadhani uache.

La kuacha nitalifikia.

Kwanza mjue huyo baba. Simtetei. Wewe umesomeshwa kwa mshahara wa kiwanda na samaki wa mama yako, unajua karo ni kitu gani. Siku hizi kijana mwenye mguu mzuri anaweza kupata basari kwenye shule inayopenda vikombe. Kila mzazi amesikia habari za vijana waliosomea Kitende au Kibuli kwa ajili ya mpira. Kwa hiyo mechi ya Jumamosi asubuhi, ambayo kwako ni mechi ya watoto, kwake ni mtihani, na anaamini kuna mwalimu wa michezo amesimama chini ya mwembe na daftari. Tangu vijana wetu wa chini ya miaka 17 walipofuzu Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2025, mara ya kwanza kabisa kwao, ndoto hiyo imeshuka mpaka kwa watoto wa darasa la nne. Wewe ulipuliza penalti. Yeye alisikia karo ya mtoto ikiondoka.

Na sheria anazozijua amezisomea kibandani, akitazama Ligi ya Uingereza na wenzake wanaobishana. Huko refa anaitwa kwenye televisheni, anarudishiwa picha polepole mpaka aridhike. Wewe una macho mawili, na mshika kibendera wako mara nyingi ni mchezaji wa akiba wa timu mojawapo. Ndiyo maana utasikia watu wazima wanalia "kaotea!" kwa mpira uliotoka kurushwa, wakati hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, wala kona, wala mpira wa goli. Utasikia "mtu wa mwisho, nyekundu!" na hakuna mahali sheria inapomtaja mtu wa mwisho. Inauliza kama faulo imezima nafasi ya wazi ya kufunga: mchezaji alikuwa umbali gani na goli, anaelekea wapi, angeumiliki mpira au la, na mabeki wengine wako wapi. Na tangu 2016, beki akizima nafasi ya namna hiyo kwa faulo ndani ya boksi huku akiugombea mpira kweli, ukatoa penalti, kadi nyekundu hushuka kuwa ya njano. Hayo unayafahamu kuliko mimi. Nayataja ili ujue kwamba sehemu kubwa ya kelele unazopigiwa ni ubishi wa kibandani umehamia uwanjani, na hakuna mtu aliyewahi kushinda ubishi wa kibandani.

Basi usimjibu. Sababu yangu haihusu heshima yako, ingawa nayo ipo. Sheria imekupa mamlaka juu ya wachezaji, wa akiba, na benchi la ufundi. Tangu 2019 hata kocha unaweza kumwonyesha kadi. Mzazi aliyesimama nyuma ya kamba kadi yako haimfikii. Ukianza kuzungumza naye umetoka mahali unapotawala ukaenda mahali ambapo wewe na yeye mko sawa, na huko mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Njia yako ya kumfikia inapitia kwa kocha. Mpira ukitoka, mwite kocha karibu, sema kwa sauti ya chini: "Kocha, yule mzee mwenye shati la bluu ni wa kwako. Naomba umtulize." Usimtazame huyo mzee wakati unasema. Makocha wengi wanawaogopa wazazi kuliko wanavyokuogopa wewe, kwa hiyo mpe sababu: mwambie mara ya pili mchezo utasimama mpaka aondoke.

Na kweli usimamishe. Sheria ya tano inakuruhusu kusimamisha mchezo kwa muda au kuuvunja kabisa kwa sababu ya usumbufu kutoka nje. Marefa wengi wa watoto wanaisoma wakati wa kozi kisha wanaisahau, wakidhani ni ya viwanja vyenye polisi. Waite watoto wote katikati ya uwanja, wanywe maji, wakae chini. Wewe simama pamoja nao, kocha aende kushughulika na mtu wake. Utashangaa jinsi wazazi wengine wanavyomgeukia mwenzao wakiona watoto wamekaa na dakika zinakwenda. Akiondoka, unaendelea. Asipoondoka baada ya muda wa haki, umevunja mechi, na mwandaaji atajua la kufanya na matokeo. Hiyo si kazi yako.

Mzazi akiingia ndani ya uwanja kama huyu wako, usipitie ngazi zote hizo. Mara moja mchezo umesimama, na hauanzi tena mpaka awe nje kabisa, mbali na kamba. Akikugusa, mechi imekwisha. Hapo usitafute busara.

Vivyo hivyo kwa matusi ya kabila. Sisi wa Walukuba tumekaa Msoga na Mluo na Mnubi na Mganda na Mteso ukuta kwa ukuta, tukiongea Kiswahili ili tusikilizane, na bado mtu akichanganyikiwa na mpira utamsikia anamwita mtoto wa jirani kwa kabila lake kama vile ni ugonjwa. Hilo usilivumilie hata mara moja. FIFA wenyewe wana utaratibu wa hatua tatu kwa ubaguzi: kusimamisha, kuahirisha kwa muda, kuvunja. Kama unafaa viwanja vyenye mataa, unafaa pia uwanja wetu wa vumbi.

La jikoni sasa. Salima Mukansanga wa hapa jirani Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon, Januari 2022, mwanamke wa kwanza kushika filimbi katikati kwenye mashindano hayo ya wanaume. Sikuletei jina lake ili umjibu nalo yule baba, kwa sababu hatakubali, atasema huyo ni mwingine. Nakuletea kwa ajili yako, kwa siku utakayorudi nyumbani umechoka.

Lakini nikwambie palipo na uzito wote, mwanangu. Mtoto aliyelia. Katika barua yako umemtaja kwa mstari mmoja, na mimi ndiye niliyemfikiria zaidi. Mtoto ambaye baba yake ni mpiga kelele utamtambua dakika ya kumi tu: kila akigusa mpira anatazama pembeni kabla ya kutazama wenzake. Akipoteza mpira anatazama pembeni. Akifunga pia anatazama pembeni, na hacheki mpaka aone baba anacheka. Huyo ndiye mtu wako uwanjani. Zungumza naye. Mnapokimbia sambamba mwambie "pasi nzuri ile", au "simama, pumua, mpira bado". Akicheza faulo mwambie kwa maneno machache alichokosea, kwa sauti ya kawaida, asikie kwamba yupo mtu mzima hapo anayeweza kumwambia kosa lake bila kumfokea. Baba yake akianza, sogea usimame kati yao, hata kama mpira uko upande mwingine na umesimama. Hutakuwa umefanya ujanja wowote. Umemkatia tu mtoto mstari wa macho.

Na baada ya penalti ile, ungemwendea yeye kwanza, kabla ya kuweka mpira mahali pake. Safari nyingine.

Kuhusu kumtuliza mzazi, kazi kubwa hufanyika kabla ya filimbi ya kwanza, na hapa vijana mnaofundishwa siku hizi naona mnapungukiwa. Mnafika mmechelewa kwa boda, mnavaa haraka, mnapuliza. Fika mapema. Pita pembeni, wasalimu wazazi pande zote mbili, salamu kamili, sio kupunga mkono. Kodheyo kwa Wasoga, na ukijua ya wengine itumie. Uliza watoto wao ni nani. Mtu uliyemuuliza habari za nyumbani saa mbili asubuhi anapata tabu kukuita mwizi saa tatu. Wapo wanaoweza, lakini wanapungua.

Na kama hukuletewa washika kibendera, usichukue watoto wa akiba. Mimi nilikuwa nikitafuta mzazi mwenye sauti kubwa kuliko wote, mmoja kila upande, nikimpa kibendera mbele ya watu: "Mzee, nisaidie kuonyesha mpira ukitoka. Kuotea niachie mwenyewe." Wengi walikuwa wanafurahi kama watoto. Mtu akishika kibendera anagundua mambo mawili: kwamba mpira unakwenda kasi kuliko unavyoonekana ukiwa umekaa, na kwamba wenzake wameanza kumpigia kelele yeye. Mzee mmoja wa hapa, fundi pikipiki, aligeuka kipindi cha kwanza hakijaisha akawaambia wenzake wanyamaze au waje kushika wenyewe. Sikuhitaji kusema neno siku ile.

Jambo la hela. "Refa kala" ni sentensi ambayo ipo tayari midomoni mwa watu kabla hujafika, kwa sababu wameona mengi katika nchi hii nje ya mpira. Usiwape mahali pa kuitundika. Malipo yako yatoke kwa mwandaaji, mbele ya makocha wote wawili, kabla ya mechi au baada, na kamwe yasiwe wakati wa mapumziko. Kunywa maji yako mwenyewe uliyotoka nayo nyumbani. Soda ya mzazi, hata kama jua linaunguza na nia yake ni safi, mwambie ahsante utainywa siku nyingine. Usipande boda ya mtu wa timu yoyote kurudi stendi. Hayo yataonekana ni ukali wa bure mpaka siku utakapohitaji shahidi.

Wakikuambia mtoto fulani amepunguza umri, na watakuambia, hasa akiwa mrefu, hilo si lako. Timu za taifa za chini ya miaka 17 hupimwa umri kwa picha ya kifundo cha mkono, kwa mashine ya MRI. Wewe huna mashine, una kadi za usajili ulizoonyeshwa kabla ya mechi. Malalamiko yaende kwa mwandaaji kwa maandishi. Kuna mvulana alikuwa na ndevu hapa Walukuba akiwa darasa la saba, namjua tangu amezaliwa. Watu walimsumbua mpaka akaacha mpira.

Jioni hiyohiyo andika ripoti. Dakika, nani, alisimama wapi, na maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea. Tusi la Kiganda liandike kwa Kiganda. Usiandike "alikuwa na hasira kali" wala "alinidhalilisha". Andika aliingia hatua ngapi na alisema nini, wanaosoma watajaza wenyewe. Tafuta jina la mtu mwingine aliyeona. Peleka nakala kwa mwandaaji na nyingine kwa chama cha marefa wa wilaya yako, na ya tatu ubaki nayo.

Sasa kuacha. Yule baba sioni kama ni sababu ya kuacha. Yule mwandaaji aliyecheka, huyo ndiye anayenipa wasiwasi. Kabla ya kukubali mechi nyingine pale, mpigie, umwulize: mzazi akiingia uwanjani, ninyi mnafanya nini? Nani anamtoa? Akitukana tena, timu inaadhibiwa au haiadhibiwi? Mashindano mengi ya mitaani hayana hata mstari mmoja juu ya wazazi, kwa hiyo usishangae akigugumia. Mwambie aandike, wakubaliane na makocha, wasomewe wazazi asubuhi kabla ya mechi ya kwanza. Akikubali, rudi, na uchezeshe timu ileile kama ikibidi. Akikwambia tena mpira ndivyo ulivyo, mrudishie ratiba yake, utafute uwanja mwingine Kampala. Viwanja havikosekani na marefa wa watoto hawatoshi.

Ukishampigia, nijulishe alivyojibu. Mama yako anasema ukija mwisho wa mwezi umletee ile dawa ya goti, hapa Jinja ameikosa. Na kaka yako anataka kozi ya urefa ijayo. Mweleze wewe, mimi haniamini.

Ni mimi baba yako.