Wapangaji Wengi wa Nini Katika Hadithi ya Wawili?

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Ngamiani, Tanga. Nimeazimwa riwaya ya Kiingereza ya Casey McQuiston, One Last Stop, iliyotoka mwaka 2021. August, msichana aliyehamia New York, anampenda Jane, mwanamke anayekutana naye kwenye treni ya Q ya jijini humo, na kumbe Jane ni mtu wa miaka ya 1970 aliyenasa humo, hawezi kutoka. Mbona kurasa nyingi wanapewa wapangaji wenzake August na wafanyakazi wa mgahawani? Na huko kuruka miaka si pambo tu? Nauliza kwa sababu nami natamani kuandika ya Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, maswali yako ya kwanza mawili yana jibu moja. Mwandishi akishamng'oa mtu katika zama zake, amemnyang'anya pia kila aliyemfahamu. Rafiki zake Jane, walio hai, wamekwishazeeka, naye bado ni kijana. Mtu wa namna hiyo hawezi kuegemea mpenzi mmoja tu, hata mpenzi huyo awe mwema kiasi gani, kwa kuwa anahitaji pia watu wa kumtania, kumkaripia na kumletea chakula. August naye amelelewa na mama aliyetumia miaka mingi kumtafuta kaka yake aliyepotea, hivyo amejifunza kupeleleza watu kabla ya kuwaamini. Ukimwondoa Myla, mpangaji mwenzake mwenye ujuzi wa umeme, hakuna wa kubuni njia ya kumtoa Jane kwenye treni, maana kilichomnasa ni umeme.

Wewe wa Ngamiani jambo hili lisikushangaze. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua mmoja, huzaa udugu usiotokana na tumbo moja: umeme ukiisha kwenye LUKU saa nne usiku, vyumba vyote huchangishana gizani, na anayejifanya amelala husemwa uani hadi asubuhi. August na wenzake wanaishi hivyo hivyo Brooklyn, New York, juu ya duka la kuku wa kukaanga. Hata hivyo, zile harakati za kuuokoa mgahawa usifungwe zimerefushwa kupita kiasi, na hapo malalamiko yako nayaunga mkono.

Ama kuruka miaka, hilo ndilo linaloipa riwaya uzito. Jane ni mwanaharakati wa kizazi kilichofuata maandamano ya Stonewall ya mwaka 1969, ambapo wapenzi wa jinsia moja waliwapinga polisi jijini New York, na riwaya inaugusa moto uliowashwa katika baa yao ya UpStairs Lounge, New Orleans, tarehe 24 Juni 1973, ukaua watu 32. Mwanamke aliyetoka zama hizo anaingia katika Marekani ambayo tangu mwaka 2015 inaruhusu ndoa za jinsia moja katika majimbo yote. Kwa hiyo kila August anapomshika mkono hadharani, yeye anaona jambo dogo, na Jane anakumbuka waliopigwa kwa jambo hilo hilo. Mpenzi wa rika la August asingeweza kutuletea kumbukumbu hiyo. (Najua wapo watakaoniuliza kwa nini najadili mapenzi ya wanawake wawili katika safu hii, niliulizwa juu ya riwaya, nami naijibu riwaya.)

Ukitaka kuandika ya Tanga, usianze na mapenzi wala na mashine ya kurusha watu miaka. Reli unayo, maana ujenzi wake ulianzia hapo hapo Tanga mwaka 1893. Mtoe mgeni wako mwaka 1965, zama za mkonge, umfikishe stesheni akiwa na shilingi za Afrika Mashariki mfukoni, kwa sababu shilingi ya Tanzania ilianza kutumika mwaka 1966. Ataomba chai na kitumbua, atalipa, na mama muuzaji atazigeuzageuza zile sarafu. Hapo ndipo uamue ni mpangaji gani wa nyumba yako atakayemlipia, na kwa nini yeye na si mwingine. Ukishalijua hilo, sura ya pili unayo.