Wasomaji Wanauliza: Shule, Maji na Zahanati Vinakuza Uchumi wa Mkoa?

SWALI: Kila kikao cha bajeti tunagawanyika. Wengine wanataka barabara na viwanda kwanza, wakisema shule, maji na zahanati vinakula fedha tu bila kuzalisha. Wana hoja?

JIBU: Huduma hizo huzalisha, ila faida yake huchelewa. Mfano uliopimwa vizuri ni wa Indonesia. Kati ya 1973 na 1978 nchi hiyo ilitumia fedha za mafuta kujenga shule za msingi zaidi ya 61,000, na wilaya zilizokuwa na watoto wengi wasiosoma ndizo zilizopewa nyingi zaidi. Mchumi Esther Duflo alipima matokeo kwa takwimu za 1995, watoto wale wakiwa wameshaajiriwa. Kila shule moja iliyojengwa kwa watoto 1,000 iliongeza wastani wa miaka ya masomo kwa 0.12 hadi 0.19, na mishahara kwa asilimia 1.5 hadi 2.7. Kutoka msingi wa jengo hadi mshahara ni miaka ishirini hivi. Diwani anayetafuta kura za mwaka ujao hawezi kuiona faida hiyo.

Upande wa pili watetezi wa shule hawapendi kuutaja. Katika wilaya zilizopata shule nyingi, mishahara ya wafanyakazi wenye umri mkubwa, ambao hawakusoma katika shule hizo, ilibaki nyuma ikilinganishwa na kwingine. Wenye elimu waliongezeka haraka kuliko mitambo na mitaji ya kuwaajiri. Kwa hiyo wanaodai barabara nao wana hoja, ila wanakosea mpangilio: shule ianze mapema kwa kuwa inachelewa kulipa, na umeme na barabara vifike kundi la kwanza linapoanza kutafuta kazi.

Maji yana hesabu yake. Kule Tangier, Moroko, familia zilizokuwa zikichota kwenye mabomba ya umma zilipounganishiwa maji nyumbani, magonjwa hayakupungua, kwa sababu maji ya awali nayo yalikuwa safi. Muda uliookolewa ulikwenda kwenye mapumziko na mahusiano, si kwenye kazi za kipato. Maisha yalikuwa bora zaidi, na hilo si dogo, lakini anayeandika andiko la mradi asiahidi ukuaji wa uchumi pale ambapo hakuna kazi inayosubiri saa hizo.

SWALI: Tulijenga kituo cha afya kizuri. Sasa hakina mganga wala dawa, na paa linavuja. Tulikosea wapi?

JIBU: Yaelekea bajeti ya ujenzi ilipitishwa bila bajeti ya uendeshaji. Gharama hizi mara nyingi hutoka mifuko tofauti: mfadhili au serikali kuu hujenga, halmashauri hubaki na mishahara. Kabla ya kuchimba msingi, jumlisheni gharama za mwaka mzima: mishahara, dawa, umeme, maji, mafuta ya gari na ukarabati. Kisha gawanyeni kwa gharama ya ujenzi. Tuseme ujenzi ni 100 na uendeshaji ni 25 kwa mwaka: ndani ya miaka minne mtakuwa mmelipa thamani ya jengo jingine. Msipoweza kuonyesha fedha hiyo itatoka kifungu gani, jengeni dogo.

Kwa ukarabati pekee, kipimo kinachotumika sana ni asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya, kila mwaka. Anzeni na paa na mifereji ya maji ya mvua. Maji yakishapenya yanaozesha mbao, yanashusha dari na kuharibu nyaya, na kazi ya siku moja ya fundi inageuka kuwa mradi.

Wahudumu nao wana masharti yao. Nafasi za ajira ziidhinishwe mwaka mmoja kabla ya kufungua, na kama eneo halina nyumba za kupanga, nyumba za watumishi ziingie kwenye mkataba uleule wa ujenzi. Zikiachwa "awamu ya pili" huwa hazijengwi, na mganga aliyepangiwa huomba uhamisho.

Ripoti ya maendeleo nayo ibadilike. Badala ya idadi ya vituo, andikeni siku ambazo kituo kilikuwa wazi, siku ambazo dawa muhimu zilikosekana, na wagonjwa waliohudumiwa.

SWALI: Tukisomesha vijana wanahamia mijini. Si tunawasomeshea wengine?

JIBU: Kwa sehemu, ndiyo. Mkoa unalipa gharama, kodi ya kijana inakusanywa kwingine. Kinachorudi ni fedha anazotuma nyumbani. Ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuitaka serikali kuu ilipie sehemu ya elimu: mikoa ikiachiwa mzigo wote, kila mmoja utawekeza kidogo kuliko nchi inavyohitaji. Kumnyima kijana shule ili asihame kunaacha mkoa na mtu asiyeajirika, ambaye huenda naye akahama.