Kamera inayodai nenosiri baada ya kusasishwa: usilizime, ila usiliachie kazi ya kulinda kadi ya picha

Asalamu alaikum, kaka wa Malindi. Nimekusoma. Umesasisha famuwea, yaani programu ya ndani ya kamera yako, na tangu hapo kila ukiiwasha inadai nenosiri, tena simu imekataa kuungana nayo. Unauliza kama ulizime hilo nenosiri upumzike. Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili limenifika mwenyewe na likagusa amana za watu.

Mimi ni mpiga picha hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yangu kubwa ni harusi upande wa kina mama: siku ya hina, vugo (ngoma ya kina mama), na kupamba. Unazijua mila zetu. Siku ya kupamba simu hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni, kwa sababu humo ndani mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na bibi harusi amekalishwa na mapambo yake. Si ya kuonwa na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Kamera inayoingia ni yangu tu. Kwa hivyo jibu langu la kwanza ni hili: usilizime. La pili ndilo zito zaidi, nalo ni kujua linalinda nini na linaacha nini.

Kwanza tazama kioo chako vizuri, ni nenosiri gani unaloulizwa. Kamera za siku hizi zina zaidi ya moja na watu huyachanganya. Liko la kufungua kamera yenyewe inapowashwa. Liko la waifai, ambalo kamera hulionyesha ili uliandike kwenye simu. Na kamera nyingine zina jina la mtumiaji na nenosiri la kuruhusu kompyuta iingie kuchukua picha. Shida yako ya simu, kwa nilivyoona mimi, haihusiani na lile la kuwashia. Baada ya kusasisha, maungano ya zamani huwa hayatambuani tena. Futa jina la kamera kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, futa na simu ndani ya menyu ya kamera, kisha ziunganishe upya kama vile hazijawahi kuonana. Ukifuta upande mmoja tu utahangaika mpaka alasiri.

Kuhusu kwa nini watengenezaji wameanza kutudai maneno haya: sheria za huko nje zimebadilika. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 imepiga marufuku vifaa vya kuunganishwa na mtandao kuuzwa vikiwa na nenosiri jepesi la kiwandani, lile lililo sawa kwa kila kifaa. Umoja wa Ulaya nao tangu tarehe 1 Agosti 2025 unavitaka vifaa vyenye redio vinavyofika kwenye intaneti vilinde mtandao na habari za mtu binafsi. Sisi wa pwani ya Kenya hatukuulizwa, lakini programu hiyohiyo ikitoka hutufikia. Wala si hofu ya bure. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha jinsi ya kuingia kwenye Canon EOS 80D kwa waifai na kuzifunga picha zilizomo kwenye kadi mpaka mwenyewe alipe. Kwa hiyo kusasisha ni vizuri, sikukatazi.

Sasa nikwambie yaliyonipata.

Nilisasisha usiku wa kuamkia kupamba moja kule Shela. Betri ilikuwa imejaa, kadi nimeifomati, na kamera sikuigusa mpaka ilipomaliza. Hapo nilifuata taratibu. Ilipowaka ikaniuliza saa na tarehe, kisha ikataka niweke nenosiri. Nikaweka haraka, kwa vile vibodi vidogo vya kwenye kioo ambavyo unasogeza herufi moja moja kwa kidole gumba, nikalala. Kesho yake, kina mama wameshajaa, udi umetanda chumba kizima, kamera ikalala kwa kukaa bila kazi. Nikaiamsha. Ikadai nenosiri. Nikaandika, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Herufi ya kwanza usiku ule niliiweka kubwa bila kujua, na mimi naandika ndogo. Baada ya mara kadhaa ikanifungia, ikanitaka nisubiri. Ni wakati huohuo ambapo mama yake bibi harusi aliinua mtandio usoni mwa bintiye na vigelegele vikapasuka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao, kamera mkononi, kioo cheusi. Ile picha haipo. Haitakuwepo.

Ndiyo maana nakuhimiza: ukishaweka nenosiri, zima kamera, iwashe, liandike. Iache ilale, iamshe, liandike tena. Fanya hivyo mara tatu siku mbili kabla ya kazi, usingoje usiku wa shughuli. Liandike pia kwenye karatasi ibaki nyumbani, usiitie kwenye mkoba wa kamera. Na tafuta kwenye menyu kama unaweza kurefusha muda wa kulala. Mimi yangu naiacha macho muda mrefu nikiwa ukumbini, nakuja na betri mbili za akiba.

Ukilisahau kabisa, soma kitabu cha kamera yako kabla ya kubonyeza lolote. Yangu mimi ina njia ya kurudisha mipangilio yote ya kiwandani, na picha zilizo kwenye kadi hazikuguswa. Lakini toa kadi kwanza, uwe na hakika. Nyingine zitahitaji fundi wa kampuni, naye atataka risiti ya ununuzi, basi itunze.

Jambo lililoniuma hasa lilitokea miezi michache baadaye. Nilitoka Shela kwa boti kurudi mjini, watu wengi, mizigo imerundikana. Mkoba wangu ukachukuliwa kwa makosa. Kijana aliyeupata ni mwaminifu, Mungu amlipe. Akaiwasha kamera ili amjue mwenyewe, ikadai nenosiri. Kwa kutaka wema, akafungua kile kifuniko cha chini, akachomoa kadi, akaenda nayo kwenye duka la kompyuta. Kadi ikachomekwa, picha zikafunguka zote, moja baada ya nyingine, mbele ya wanaume wanne, mpaka mmoja akatambua sura na kusema huyu ni binti wa fulani.

Nenosiri lilikuwa limewekwa, kaka. Lilifanya kazi yake sawasawa. Lakini linafunga kamera tu, picha zimeandikwa kwenye kadi wazi kama zilivyo. Ni kutia kufuli mlangoni na dirisha ukaliacha wazi. Hata kile kiswichi kidogo cha pembeni mwa kadi ya SD huzuia kuandika na kufuta tu, hakimzuii mtu kuona. Mwezi Desemba 2016 zaidi ya waandishi na watengeneza filamu 150 waliwaandikia barua Canon, Nikon, Sony na wenzao kuwaomba watie usimbaji ndani ya kamera, picha ziandikwe kwa siri tangu mwanzo. Kamera tunazonunua madukani kwa sehemu kubwa bado hazina.

Nilikwenda kwa mama wa binti huyo mwenyewe kumweleza, kabla hajayasikia kwa watu. Alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Mwanangu, wameiona ya nywele?" Nikamwambia wameiona. Sikuwa na la kuongeza.

Tangu siku hiyo kadi yenye picha za kina mama hailali ndani ya kamera. Sherehe ikiisha, kabla sijavaa buibui langu, nafungua kompyuta palepale chumbani, mama au somo (kungwi) wa bibi harusi ameketi ubavuni, nahamisha picha kwenye diski niliyoifunga kwa VeraCrypt, programu ya kusimba mafaili yasifunguke bila nenosiri. Ni ya bure. Kisha naifomati kadi. Ila kufomati kwa kawaida hakufuti, huondoa orodha tu, na programu kama PhotoRec huzirudisha picha. Ikiwa kamera yako ina chaguo la kufomati kwa kina, litumie. Kama haina, jaza kadi video ya ukuta mpaka iishe nafasi, kisha fomati tena. Kadi yenyewe naifunga kwenye pindo la kanga, sio mkobani.

Na chini ya kamera nimebandika karatasi yenye namba yangu ya simu, nimeipitishia gundi ya plastiki juu isiliwe na chumvi. Atakayeiokota apige simu, asiwe na haja ya kuchungulia.

Ukipata nafasi, tuandikie hapa maneno yenyewe yanayotokea kiooni, neno kwa neno, pamoja na modeli ya kamera. Tutajua ni nenosiri lipi kati ya hayo.